Bado Hawajavuka Daraja

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo wakati wa kutoka kazini, kama vile ilikuwa inanivizia. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, mwanangu mdogo Bonge mgongoni mkavu kabisa chini ya nailoni, anacheka peke yake. Nimeamua masika haya nitakuwa naandika, kwenye karatasi zilizokatwa vibaya dukani ambazo zingetupwa. Kutwa nzima najalidi vitabu vya watu. Acha na mimi niwe na changu. Nikichoka nitaandika mstari mmoja. Nikichoka sana, sitaandika.

Jumatano, 4 Machi

Mwalimu wa kuchora wa sekondari ameleta boksi la vitabu. Amelitua mezani kwangu taratibu, akasema, "Dada, nimekuletea wagonjwa."

Ni vitabu vya picha vya Kijapani, manga, vilivyotafsiriwa. Hadithi ni moja, vitabu vingi, na jina lake ni Mshona Vivuli. Wanafunzi wake wameazimana mpaka migongo imevunjika na kurasa zinadondoka. Anataka nivishone upya na kuvipa majalada magumu. Kwenye jalada la kwanza kuna msichana ameshika taa. Nyuma yake giza tupu, na ndani ya giza, ukikaza macho, kuna mikono. Nikalifunika. Nina watoto wadogo, mambo ya giza yananihusu nini? Kisha nikalifunua tena kidogo. Nywele za yule msichana zimechorwa unywele mmoja mmoja. Sijui aliyechora alikuwa analala saa ngapi.

Ijumaa, 6 Machi

Nguo hazikauki. Nepi zimetanda sebuleni kama bendera za siku ya uhuru.

Jumamosi, 7 Machi

Mama mkwe amefika kwa ajili ya jicho. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na hili la kulia ndilo la kuanza nalo. Nilimpokea mkoba, nikamwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili kwa sababu hanioni vizuri. "Marahaba mwanangu. Mbona shingo imekuwa ya kuku wa kunyonyolewa?"

Nikacheka. Tukala vizuri. Chiriku alimsimulia bibi yake habari zote za shule ya chekechea bila kumeza mate. Si bure tulimpa jina la ndege. Tulipomaliza, Mama akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama Chiriku, una kazi, una wa mgongoni na una wa kukimbia. Mimi nina nyumba, nina nafasi, na nina nguvu bado. Masika yakiisha na barabara ikikauka, nitaondoka na Chiriku. Nitamlea mpaka amalize shule ya msingi."

Baba Chiriku alikuwa anaangalia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. "Tutaongea, mama," akasema.

Tutaongea! Hakusema hapana. Nikakusanya vyombo, nikaenda kuviosha, na nilivisugua mpaka sufuria likaniomba msamaha.

Jumatatu, 9 Machi

Jicho limefanyiwa upasuaji, salama. Daktari amesema asiiname, asibebe kitu, asikae kwenye moshi, asisome wala kushona mpaka apewe miwani. Mama ameniambia, "Mgeni siku ya tatu anapewa jembe, mimi daktari amenikataza hata kijiko."

Jambo la kuchekesha: tangu mama yake afike, Baba Chiriku anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Chiriku anamwitikia kutoka jikoni, "Karibu mgeni!" Na mama yake akiingia sebuleni, anasimama. Fundi mzima wa majokofu, anainuka kama mwanafunzi aliyeona mkaguzi. Adabu njema, lakini inanichosha hata kuiangalia.

Jumatano, 11 Machi

Leo nimeaibika. Vile vitabu vitatu vya kwanza nilivimaliza jana, nikavipanga mezani vinang'aa, nikajisifu moyoni. Mwalimu wa kuchora amekuja, amekishika kimoja, amekigeuza, amekigeuza tena, kisha akakaa chini akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Dada, umemvalisha mtu shati mbele nyuma."

Kumbe hivi vinafunguliwa kutoka kulia! Unaanzia pale ambapo kitabu chetu kinaishia, unarudi huku. Mimi nimebandika jalada la mbele nyuma na la nyuma mbele, vyote vitatu. Mwenye duka akauliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuviona maishani. Nikasema ndiyo, na kwamba nilichungulia hadithi nikaona ni ya ajabu mno: mtu yuko kaburini, anatoka, kidonda chake kinafunga, anaomba radhi, halafu ndiyo anajitambulisha kwa jina. Nilidhani huo ndio uchawi wenyewe.

Mwalimu alicheka mpaka akanisaidia kubandua majalada.

Jumamosi, 14 Machi

Gundi haikauki. Duka lina unyevu, ukuta wa nyuma unatoa jasho. Mwalimu ameniruhusu niwe nakuja nacho nyumbani kitabu kimoja kimoja, nikiweke juu ya kabati karibu na jiko chini ya matofali mawili mpaka kishike. Wengine wanaleta nyumbani nyama, mimi naleta gundi.

Leo nilikuwa nafunua kurasa kuhakikisha hazijagandana. Mama yuko kitini na miwani yake myeusi, Bonge miguuni kwake.

"Unasoma nini huko?"

"Vya watu, mama. Naangalia gundi tu."

"Gundi haigeuzwi kurasa mara zote hizo. Nisomee na mimi, nimechoka kukodolea ukuta nisiouona."

Nikaanza. Katika nchi ile, jioni iliingia siku moja ikakataa kutoka. Tangu hapo, vivuli vya watu vinaweza kuchomoka na kupotea, na mtu asiye na kivuli anasahaulika kidogo kidogo, hata na nduguze. Binti wa Taa ana mdogo wake aliyepoteza kivuli. Anamshika mkono wakimtafuta Mshona Vivuli, mwanamke anayekaa ng'ambo ya daraja, ambaye huwashonea watoto vivuli vipya. Lakini watoto wanaokwenda kwake hawarudi.

Baadaye nikanyamaza.

"Mbona umekatiza?"

"Hakuna maneno hapa, mama. Kurasa kama nne ni picha tupu."

Akajiweka sawa kitini. "Basi nisomee picha."

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Kazi. Mvua. Bonge ameota jino na ulimwengu mzima umejulishwa.

Jumapili, 22 Machi

Sikujua kwamba picha inasomeka. Mama hakubali nimwambie "wanatembea". Anauliza: wamevaa viatu? Matope yamefika wapi? Nani yuko mbele? Taa inawaka upande gani? Inabidi niangalie kweli. Na nikiangalia kweli, naona. Leo nimemsomea ukurasa mmoja wenye mvua. Mchoraji hakuchora matone; amechora kila kitu kilichoguswa na mvua, ukingo wa jani, bega, sikio la mbwa, halafu mvua yenyewe akaiacha nyeupe. Nilipomweleza, Mama akasema, "Huyo amewahi kunyeshewa."

Hadithi inakwenda kwa mwendo wa konokono mgonjwa. Kitabu kizima cha tatu wanaliangalia daraja. Cha nne wanaongea na mlinzi wa daraja. Nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, Mama anauliza kutoka ndani, "Wamevuka?" Namjibu, "Bado hawajavuka daraja, mama." Anasonya. "Mimi ningekuwa nimevuka, nimefika, nimefua, nimeanika."

Tumecheka leo, mimi na yeye, mpaka Baba Chiriku akaja kuchungulia kuna nini.

Ijumaa, 27 Machi

Nimesahau mwavuli dukani. Nimesahau maziwa dukani. Bonge sikumsahau.

Jumatano, 1 Aprili

Nimelala kazini. Nilikuwa nimeinamia rundo la karatasi nakunja, nikafumba macho nipumzishe kope tu, mwenye duka akaniamsha uso ukiwa umeganda kwenye karatasi yenye gundi. Alinibandua kama stempu. Hakunigombeza, alinipa chai. Afadhali angenigombeza.

Nyumbani Chiriku alitangaza, "Mama ana maandishi shavuni!" Ikabidi nieleze. Mama hakucheka. Alisema tu, "Si nilisema?"

Nikamfuata Baba Chiriku nje barazani alikokuwa anasafisha vifaa vyake.

"Utaongea lini na mama yako?"

"Kuhusu nini?"

"Usinifanye mjinga. Kuhusu mtoto."

Akafuta bisibisi moja, akaiweka, akachukua nyingine. "Pengine mwaka mmoja tu, Mama Chiriku. Upumue. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi, na nimekufa?"

"Hujafa. Lakini mwanangu si mzigo wa kutuliwa nikichoka."

"Sijasema mzigo."

"Basi kamwambie hapana."

Akachukua bisibisi ya tatu. Mume wangu anaweza kufungua jokofu lolote akakuambia lina ugonjwa gani, lakini mbele ya mama yake ulimi wake unaganda. Nikaona nimebaki peke yangu. Mimi nami, kumwambia mama mkwe hapana machoni, mgonjwa, mgeni, nyumbani kwangu? Nimelelewa vibaya au vizuri, sijui, lakini sikulelewa hivyo.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamevuka daraja.

Nimekileta kitabu cha sita leo. Mama alipiga makofi niliposema wamevuka. Kisha ukafika ule ukurasa. Mshona Vivuli anatoka kwenye ukungu, mrefu, sindano kifuani zimepangwa kama mbavu, anamnyooshea mkono yule mdogo. Na yule mdogo anakwenda. Anamwachia dada yake mkono, anakwenda mwenyewe, anacheka. Vitabu vyote mpaka hapo uso wake ulikuwa umekingwa na kivuli cha nywele; hapo kwa mara ya kwanza umechorwa wote. Dada mtu amebaki ukingoni na taa yake.

"Haya, picha inasemaje?" Mama akauliza.

Nikamwangalia Chiriku, amelaza kichwa mapajani kwa bibi yake. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mtoto analia, mama. Hataki. Ameng'ang'ania kamba za daraja."

"Masikini!"

"Yule mwanamke anamvuta. Mtoto anamwita dada yake. Kucha zinamtoka."

Hata kucha nikaongeza. Mama akaweka mkono kichwani kwa Chiriku. "Huyo mwanamke ana roho mbaya."

"Sana, mama."

Nilifunga kitabu nikiwa nimefurahi kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Furaha haikufika hata wakati wa kula.

Jumapili, 12 Aprili

Uongo una miguu mingi na kila mmoja unataka kiatu. Katika kitabu cha saba yule mdogo anajifunza kushona na anaimba. Mimi imebidi nimfungie kwenye chumba cha chini. Mshona Vivuli anapika. Mimi nimemnyima mtoto chakula. Nimegeuka mtunzi, na kazi hii inachosha kuliko kujalidi. Mama anasikiliza ameshika kidevu.

Leo Chiriku amepanda kwenye mkono wa kiti changu, akaangalia ukurasa.

"Mama, mbona huyu anacheka?"

"Anacheka kwa uchungu."

"Uchungu unachekesha?"

"Shuka, kanawe mikono."

"Si tumeshakula."

"Kanawe tena!"

Miwani myeusi ya Mama ilikuwa imenielekea.

Jumamosi, 18 Aprili

Barabara ya kwao imekatwa na maji, redioni wamesema. Nimefurahi, kisha nikamwomba Mungu anisamehe kwa wale walioko njiani.

Jumanne, 21 Aprili

Mama amepewa miwani ya kusomea. Ametembea nyumba nzima akiangalia vitu. Amesema kuta zetu ni za kijani, alidhani ni za bluu. Ameniangalia mimi muda mrefu kuliko kuta.

Jumamosi, 25 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Nilitoka kazini mchana. Mvua ilikuwa imepumzika. Chiriku alikuwa kwa jirani anacheza, Bonge amelala mgongoni. Mama alikuwa mezani, miwani puani, na mbele yake kitabu cha sita kimefunguliwa. Hakikuwa na haja ya kuwa nyumbani, gundi ilikwisha kushika zamani. Nilikichelewesha mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa na Bonge mgongoni, nusu ya kiti.

"Nimezitafuta kucha," akasema. "Nimezitafuta ukurasa mzima. Kamba za daraja nimeziona, nzuri, kila uzi umechorwa. Mtoto nimemwona. Kucha zake ziko kumi, zimetulia."

Masikio yalikuwa ya moto.

"Chumba cha chini nacho nimekitafuta. Nikakuta jiko."

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza. Mimi nimefungwa jicho wiki hizi zote, nimekuazima yako. Kila ulichoniambia nilikiona. Ile mvua niliiona, mpaka leo nikifumba macho ninayo. Sasa najiuliza, na mvua nayo ulinitungia?"

Hapo ndipo iliponichoma. Nikasema, "La, mama. Mvua ni ya kweli. Yote ni ya kweli mpaka darajani."

"Na darajani kulikuwa na nini?"

Nilitazama meza. Niliona nikitafuta maneno mazuri nitatunga tena. Nikayasema yalivyokuja.

"Mama, Chiriku haendi. Nimechoka, ni kweli. Nalala nimesimama kama punda. Lakini haendi. Si kwamba kwako ni kubaya. Hata kama atacheka kila siku, hata kama ataimba, nataka achekee hapa nimsikie. Nilipaswa kukuambia siku ile ya kwanza, nikaenda kuosha vyombo."

Bonge akaamka akaanza kunivuta nywele.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Baba yake Chiriku alichukuliwa ana miaka minne," akasema. "Mama mkwe wangu alikuja, akasema nimechoka. Kweli nilikuwa nimechoka. Mimi nikafunga nguo zake kwenye mkoba. Nikamwekea na sabuni mpya. Nikasema asante, mama. Sikuosha hata vyombo."

"Alikaa sana?"

"Alirudi ana ndevu za kuanza. Nilikuwa ndani napika, nikasikia mtu anabisha. Hodi. Nikaitikia karibu. Ndiye yeye, amesimama mlangoni na mkoba, anangoja aambiwe akae wapi. Kwenye nyumba aliyozaliwa." Akavaa miwani. "Mpaka leo anabisha. Wewe hujamsikia?"

Nilimsikia. Nilikuwa nacheka.

"Sasa mama," nikamuuliza taratibu, "kama unajua hivyo, kwa nini Chiriku?"

Akapitisha kidole kwenye kamba za daraja zilizochorwa. Kisha akasema, "Nilitaka miaka yangu, ile niliyomkosa baba yake. Ukiwa na jicho moja unakosea. Nilidhani iko kwake."

Akasukuma kitabu upande wangu. "Nimekusikia. Haendi. Ila umenifanya nimtukane bure mwanamke wa watu na sindano zake. Sasa nisomee tena kuanzia darajani, na safari hii nitakuwa naangalia."

Nikasogeza kiti. Tulisoma vichwa vimegusana, Bonge akila pembe ya jalada ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelibandika.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemwambia Baba Chiriku yote. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akaniuliza, "Alisema aliniwekea sabuni mpya?" Nikasema ndiyo. "Nilikuwa nadhani ni bibi aliyeinunua," akasema. Akaenda akakaa karibu na mama yake, hawakuongea kitu cha maana. Waliongea kuhusu majokofu. Waliongea kuhusu majokofu mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 30 Aprili

Bonge amesimama. Ameanguka. Amesimama tena kwa hasira.

Jumamosi, 9 Mei

Vitabu vyote vimekamilika na mwalimu wa kuchora amekuja kuvichukua nyumbani kwa sababu nilimwambia kuna mtu anataka kumwona. Mama alimkaribisha, akamweka kitini, akamuuliza moja kwa moja, "Baba, kile cha mwisho kiko wapi?"

"Hakijatoka, mama. Mchoraji bado anachora. Labda mwakani. Labda mwaka wa pili."

"Yaani nimekaa masika yote hapa na hadithi haina mwisho?"

"Anachora polepole, mama. Umeona zile nywele."

"Nimeziona. Mwambie apunguze nywele, aongeze mwendo."

Mwalimu alicheka, lakini Mama alikuwa hatanii. Mwalimu alipokuwa anaondoka, Mama alimshika mkono akamwambia, "Huyu ndiye aliyenisomea. Kuna mahali aliusahihisha ule mchoro. Toleo lake lilikuwa baya zaidi, lakini lilikuwa na kucha." Nilitamani ardhi inimeze, na huku nacheka.

Jioni Mama alisema nikalale kidogo, yeye atawaangalia watoto. Wiki nane zilizopita ningesikia humo ndani ya maneno hayo kitu kingine. Leo nimesikia tu "kalale". Nikalala.

Ijumaa, 15 Mei

Nguo zimekauka kabla ya saa sita. Barabara ya kwao imefunguliwa.

Jumapili, 17 Mei

Mama ameondoka.

Jicho la pili wataliangalia mwishoni mwa mwaka. Tulimsindikiza kituo cha basi sote, barabara imekauka juu lakini chini bado ina matope, Chiriku akiruka madimbwi yaliyobaki. Alikuwa amebeba mkoba wake wa shule, umetuna. Nilidhani ni midoli.

Tulipofika kwenye basi akamshika bibi yake gauni. "Na mimi naenda."

Nikasema, "Chiriku, tulishaongea."

"Nimeshapanga nguo. Naenda kwa bibi." Na machozi yakaanza, yale makubwa, ya kimya, ambayo ni mabaya kuliko ya kelele. Watu wanatuangalia. Kondakta anagonga bati la basi kwa kiganja. Na mimi, niliyesema yale maneno yote mezani, nikaanza kumfunga upya Bonge mgongoni, wakati hakuwa amelegea. Mtoto anataka mwenyewe. Amemwachia mama yake mkono na anataka kwenda mwenyewe. Hapo utasema nini? Nikamwangalia Mama. Angesema neno moja tu, "mwache basi", sidhani kama ningekuwa na nguvu ya kukataa.

Mama akatua mkoba wake. Akachuchumaa, daktari ameshamruhusu kuinama, akafungua ule mkoba wa Chiriku. "Hebu tuone msafiri amebeba nini."

Akatoa gauni moja. Akanipa. Akatoa ndala, upande mmoja. Akanipa. Kisha akatoa soksi ya Bonge. Akaiangalia. Akatoa chupa ya Bonge ya uji. Akatoa bisibisi ya baba yake, ile kubwa. Na chini kabisa, imekunjwa vibaya, akatoa aproni yangu ya kazini yenye gundi, ambayo nilikuwa nimeitafuta tangu alfajiri.

"Hii ya nini?"

"Ya mama," Chiriku akasema kati ya kwikwi. "Ya kuvaa kule."

Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya basi. Alicheka na machozi, na mimi nikaanza, na Baba Chiriku akageuka pembeni kana kwamba kuna kitu jichoni. "Huyu haondoki," Mama akasema. "Huyu anahamisha nyumba!"

Kondakta akauliza, "Bibi, tunaenda au tunahamia?"

"Subiri, wewe, nina mkutano." Akamshika Chiriku mashavu. "Sikiliza. Mtu habebi nyumba kwenye mkoba wa shule. Shule ikifungwa, utamleta mama yako na huyu mnene na baba yako na bisibisi yake. Sawa?"

"Wote?"

"Wote." Akaniangalia mimi, macho mawili sasa, moja jipya na moja la zamani. "Na wewe ukichoka usingoje uanguke kwenye gundi. Panda basi uje na wanao. Nitawalea, na wewe ukiwemo. Mimi nilitaka mmoja. Kumbe mko wanne."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Akarudisha bisibisi, soksi na chupa kwa wenyewe. Aproni akaikunja vizuri, kwa mistari, jinsi inavyotakiwa kukunjwa, akaiweka ndani ya mkoba wake mwenyewe na kufunga zipu.

"Mama, hiyo ndiyo ya kesho kazini."

"Najua," akasema, akapanda basi. "Utaifuata."